Mimea na wanyama wa Peru

Mimea na wanyama wa Peru ni viumbehai wanaopatikana katika nchi ya Peru, Amerika Kusini, kuanzia jangwa la pwani ya Bahari ya Pasifiki, kupitia milima ya Andes, hadi msitu wa mvua wa Amazonas. Peru huhesabiwa kati ya nchi chache duniani zenye spishi nyingi kabisa. Ndege peke yao ni zaidi ya spishi 1,800.

Viumbehai hao wamekuwa na nafasi kubwa katika historia ya nchi. Nembo ya taifa iliyopitishwa mwaka 1825 inaonyesha vikunya, ambaye ni mnyama wa nyanda za juu, na mkwinini, mti ambao gome lake liliwapa watu dawa ya malaria. Viazi mviringo vinavyoliwa leo kote duniani asili yake ni milima hiyohiyo. Hata hivyo, historia ya Peru imejaa pia mifano ya mali ya asili iliyovunwa kwa pupa mpaka ikakaribia kwisha.

Jiografia na sababu za wingi wa spishi

Peru ina eneo la kilomita za mraba 1,285,216. Wenyeji huigawa nchi yao katika kanda tatu: pwani, nyanda za juu na msitu, ambazo kwa Kihispania huitwa costa, sierra na selva. Pwani ni ukanda mwembamba wenye takriban asilimia 12 ya eneo lote, lakini zaidi ya nusu ya wananchi huishi huko. Nyanda za juu ni kama asilimia 28, na msitu ni asilimia 60, ingawa wakazi wake ni wachache.

Mgawanyo huo wa kanda tatu ni rahisi kukumbuka, lakini hautoshi kueleza hali ilivyo. Katika miaka ya 1940 mwanajiografia Javier Pulgar Vidal alionyesha kwamba wenyeji wa kale walitofautisha kanda nane kufuatana na kimo, tabianchi na mazao. Mgawanyo wake bado hufundishwa shuleni nchini Peru.

Sababu za wingi wa spishi ni tatu hasa.

Kwanza, nchi iko karibu na ikweta, mahali ambapo jua ni kali mwaka mzima.

Pili, milima ya Andes hupanda ghafla. Msafiri anayetoka Lima kwenye usawa wa bahari hufika kwenye njia ya mlimani ya Ticlio, zaidi ya mita 4,800 juu ya usawa wa bahari, baada ya mwendo wa kilomita 130 hivi. Kwa wastani halijoto hupungua kwa sentigredi 6 hivi kila mtu anapopanda mita 1,000. Kwa hiyo katika mwendo mfupi hupita mazingira mengi, na kila moja lina mimea na wanyama wake.

Tatu, mabonde marefu hutenganisha milima. Mnyama mdogo anayeishi kwenye kimo fulani hawezi kuvuka bonde lenye joto ili kufika mlima wa jirani. Baada ya muda mrefu makundi yaliyotengana hivyo huwa spishi tofauti. Ndiyo maana spishi nyingi za vyura, ndege na okidi za Peru zinapatikana katika bonde moja au mlima mmoja tu.

Pwani

Bahari baridi

Kando ya pwani ya Peru hupita Mkondo wa Humboldt, unaoleta maji baridi kutoka kusini. Pepo zinazovuma kufuata pwani husukuma maji ya juu yaelekee bahari kuu, na maji ya kina kirefu hupanda kuchukua nafasi yake. Maji hayo yana chumvichumvi nyingi zinazorutubisha planktoni, yaani viumbe vidogo sana vinavyoelea baharini. Planktoni huliwa na dagaa aina ya anchoveta (Engraulis ringens), na dagaa hao huliwa na samaki wakubwa zaidi, ndege, simba-bahari na watu.

Anchoveta ni samaki mwenye urefu usiozidi sentimita 20, lakini uvuvi wake ni kati ya uvuvi mkubwa kabisa duniani wa spishi moja. Mwaka 1970 zilivuliwa zaidi ya tani milioni 12. Sehemu kubwa haikuliwa na watu bali ilisagwa kuwa unga wa samaki kwa ajili ya chakula cha kuku, nguruwe na samaki wa kufugwa katika nchi nyingine. Miaka miwili baadaye, El Niño ilipotokea wakati samaki walikuwa tayari wamevuliwa kupita kiasi, uvuvi huo ulianguka na maelfu ya watu wakakosa kazi. Siku hizi serikali hupanga kiasi cha kuvua kila msimu. Msimu wa kwanza wa mwaka 2023 katika eneo la kaskazini na kati ulifutwa kabisa kwa sababu samaki wengi walioonekana walikuwa wachanga.

El Niño ni hali ambayo maji ya Pasifiki karibu na ikweta huwa na joto kuliko kawaida. Jina hilo lilitolewa na wavuvi wa kaskazini mwa Peru. Maana yake ni "Mtoto", yaani Mtoto Yesu, kwa kuwa maji ya moto yalionekana karibu na Noeli. Wakati wa El Niño maji yenye rutuba hayapandi vizuri, dagaa hushuka chini zaidi au kuhamia kusini, na ndege na simba-bahari hufa kwa njaa. Wakati huohuo jangwa la kaskazini hupata mvua kubwa na mafuriko. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaijua hali hii kwa upande wake mwingine: mvua kubwa za mwaka 1997 na 1998, zilizobomoa barabara na madaraja nchini Kenya na Tanzania, zilihusiana na El Niño hiyohiyo iliyoathiri pwani ya Peru.

Ndege wa samadi

Visiwa vidogo vya pwani vina makoloni makubwa ya ndege. Walio muhimu zaidi ni mnandi wa Peru, anayeitwa guanay, mwari wa Peru, na ndege wa jenasi Sula ambao hupiga mbizi kutoka juu kukamata dagaa. Kwa kuwa mvua karibu hainyeshi, kinyesi chao hakisombwi na maji. Kwa karne nyingi kilijikusanya hadi kufikia kina cha zaidi ya mita 30 mahali pengine. Samadi hiyo huitwa guano, kutokana na neno la Kiquechua.

Wakulima wa kale wa Peru waliitumia guano kabla Wahispania hawajafika. Kuanzia miaka ya 1840 ilisafirishwa kwa meli hadi Ulaya na Marekani, na kwa miongo kadhaa ilikuwa chanzo kikuu cha mapato ya serikali. Kazi ya kuchimba ilifanywa kwa kiasi kikubwa na vibarua kutoka China katika hali mbaya sana, na wengi walifia visiwani. Mwaka 1864 Hispania iliviteka Visiwa vya Chincha kwa sababu ya utajiri huo, na vita vikafuata. Ilipofika miaka ya 1880 samadi bora ilikuwa imekwisha.

Mwaka 1909 serikali iliunda kampuni ya kusimamia guano. Ujenzi wa kuta za kuzuia watu kuwasumbua ndege, walinzi wa visiwa na uchimbaji wa zamu viliwawezesha ndege kuongezeka tena, na katika miaka ya 1950 walikuwa zaidi ya milioni 20. Baadaye uvuvi wa anchoveta uliwanyang'anya chakula, na leo wamebaki milioni chache tu. Tangu mwaka 2009 visiwa na rasi nyingi za ndege hao zimo katika hifadhi moja ya taifa. Guano bado huchimbwa kidogo kwa mikono, kisiwa kimoja baada ya kingine.

Ngwini wa Humboldt hutaga mayai katika mashimo aliyochimba ndani ya guano. Uchimbaji wa zamani ulimwondolea mahali pa kutagia, na yeye ni mmoja wa ndege walio hatarini. Mwishoni mwa mwaka 2022 na mwanzoni mwa 2023 homa ya mafua ya ndege iliua maelfu ya wari, na pia maelfu ya simba-bahari.

Jangwa na ukungu

Maji baridi hupoza hewa iliyo juu yake. Hewa baridi ni nzito na haipandi, kwa hiyo mawingu ya mvua hayafanyiki. Mji wa Lima hupata chini ya milimita 20 za mvua kwa mwaka. Lakini kuanzia Juni hadi Oktoba ukungu mzito hutoka baharini na kugusa vilima vya pwani, na mimea hunasa matone yake. Vilima hivyo, vinavyoitwa lomas, hugeuka kijani kwa miezi michache kisha hukauka tena. Ua maarufu la lomas ni amancay (Ismene amancaes), lenye rangi ya njano, ambalo zamani lilisherehekewa na watu wa Lima. Makazi yaliyopanuka juu ya vilima yamelipunguza sana. Hifadhi ya Lachay, kaskazini mwa Lima, ilianzishwa mwaka 1977 ili kulinda mazingira ya aina hii.

Misitu mikavu na mikoko

Upande wa kaskazini, katika Piura, Lambayeque na Tumbes, iko misitu mikavu ya miti ya algarrobo (jenasi Prosopis). Mizizi yake hufika chini sana kutafuta maji, na maganda yake huliwa na mbuzi na kutengenezewa sharubati nzito. Katika misitu hiyo anaishi ndege mkubwa anayeitwa pava aliblanca (Penelope albipennis). Wataalamu walidhani ametoweka kwa karibu miaka mia moja, hadi alipoonekana tena mwaka 1977. Tangu hapo amezalishwa katika vizimba na kurudishwa msituni. Miti ya algarrobo hukatwa kwa mkaa wa kuchomea kuku katika migahawa ya mijini, hata kama sheria inakataza.

Mpakani na Ekuador kuna mikoko. Hapo maji ya moto kutoka kaskazini hukutana na mito, kwa hiyo mikoko huweza kuota. Wapo mamba wa Amerika na kombe weusi wanaookotwa kwa mikono kwenye matope na wenyeji, kazi inayofanana na ile ya waokota kombe wa pwani ya Afrika Mashariki. Eneo hilo limehifadhiwa tangu mwaka 1988. Nje ya hifadhi sehemu ya mikoko ilikatwa ili kuchimba mabwawa ya kufugia kamba.

Nyanda za juu

Wanyama wa jamii ya ngamia

Wanyama wanne wa Andes ni ndugu wa ngamia, ingawa hawana nundu: lama na alpaka wanaofugwa, na vikunya na guanako wa porini. Lama hubeba mizigo na alpaka hufugwa kwa manyoya. Damu yao hushika oksijeni kwa nguvu kuliko damu ya wanyama wengi wa tambarare, na hivyo wanaweza kuishi kwenye hewa nyepesi ya zaidi ya mita 4,000.

Vikunya (Vicugna vicugna) ndiye mdogo kuliko wote. Manyoya yake ni membamba mno na huuzwa kwa bei kubwa sana. Wakati wa Wainka wanyama hao waliswagwa pamoja na watu wengi waliopanga mstari, wakakatwa manyoya kisha wakaachiwa. Desturi hiyo huitwa chaku. Baada ya Wahispania kufika walipigwa risasi tu. Katika miaka ya 1960 walibaki elfu chache nchini Peru. Hifadhi ya Pampa Galeras ilianzishwa mwaka 1967, na mwaka 1969 ulifuata mkataba wa kimataifa wa kuwalinda. Sheria za miaka ya 1990 ziliwapa wanavijiji haki ya kufaidika na manyoya ya vikunya hai, na desturi ya chaku ikafufuliwa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu zaidi ya vikunya 200,000.

Mafanikio hayo yana kasoro zake. Majangili bado huua wanyama ili kuchuna ngozi. Tena wanavijiji wanaofanya kazi ya kuswaga na kulinda hulipwa sehemu ndogo: kilo moja ya manyoya ghafi huuzwa kwa mamia ya dola, ilhali koti moja lililoshonwa Ulaya huuzwa kwa maelfu mengi.

Simbilisi pia asili yake ni Andes. Huko huitwa cuy na hufugwa jikoni kwa ajili ya nyama. Ameenea duniani hadi Tanzania na mashariki mwa Kongo, ambako familia nyingi humfuga kwa sababu hahitaji eneo kubwa wala chakula cha kununua.

Mimea ya mlimani

Juu ya mita 3,800 hivi huanza uwanda wa nyasi uitwao puna. Nyasi kuu ni ichu, inayotumika kuezekea, kulishia mifugo na hata kusukia kamba za madaraja. Kwenye makorongo hubaki misitu midogo ya miti ya queñua (jenasi Polylepis), iliyo kati ya miti inayoota juu kabisa duniani. Gome lake hubanduka kama karatasi na huikinga miti dhidi ya baridi. Imekatwa sana kwa kuni, na jamii za wakulima katika Cusco zimekuwa zikiipanda upya kwa sababu huzuia maji ya mvua yasikimbie mlimani.

Mmea wa ajabu zaidi ni Puya raimondii, ndugu wa nanasi, uliopewa jina la mtaalamu Antonio Raimondi aliyeuelezea katika karne ya 19. Huishi miongo mingi bila kutoa ua, kisha hutoa shina moja la maua maelfu kadhaa, ambalo pamoja na mmea hufika kimo cha mita 10 au zaidi, halafu hufa. Wafugaji wengine huuchoma moto kwa sababu miiba yake hunasa kondoo. Anayejua Mlima Kenya atakumbuka lobelia kubwa ya huko, Lobelia telekii, ambayo nayo hutoa shina moja refu la maua mara moja kisha hufa. Mimea hii miwili si ndugu. Imefanana kwa sababu imeishi katika hali inayofanana: jua kali mchana na baridi ya kugandisha kila usiku.

Viazi na mazao mengine

Viazi mviringo vilianza kulimwa katika Andes, karibu na Ziwa Titicaca, miaka 7,000 au zaidi iliyopita. Peru ina aina zaidi ya 3,000 za viazi vya kienyeji, vyenye rangi za zambarau, nyekundu, njano na nyeusi. Mkulima wa mlimani hupanda aina nyingi katika shamba moja, ili baridi au ugonjwa ukiua baadhi, nyingine zibaki. Viazi vikianikwa nje usiku vigande na mchana vikanyagwe na kukaushwa, hupatikana chuño, chakula kinachoweza kuhifadhiwa miaka kadhaa. Mazao mengine ya huko ni kinoa, oka, ulluku na maka.

Umuhimu wa aina nyingi ulionekana Ireland katika miaka ya 1840. Watu wa huko walitegemea aina chache za viazi, na ugonjwa wa ukungu ulipoingia watu karibu milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi. Kituo cha Kimataifa cha Viazi kilianzishwa Lima mwaka 1971 kuhifadhi na kuchunguza mbegu hizo. Kituo hicho hufanya kazi pia Afrika Mashariki, ambako kimeshiriki kueneza viazi lishe, yaani viazi vitamu vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A.

Karibu na Pisac katika Cusco jumuiya za Waquechua zinatunza kwa pamoja eneo linaloitwa Bustani ya Viazi. Wakulima wake wameona kwamba sababu ya joto na wadudu waharibifu wanalazimika kupanda viazi juu zaidi kuliko walivyopanda wazazi wao. Mlima una kilele, kwa hiyo njia hiyo ina mwisho.

Kondori, maziwa na barafu

Kondori wa Andes ni ndege mkubwa wa kula mizoga. Mabawa yake yaliyokunjuliwa hufika mita 3, na huonekana hasa kwenye Korongo la Colca. Jike hutaga yai moja tu, kwa kawaida kila baada ya miaka miwili, na hivyo hasara ya ndege wachache huchukua muda mrefu kufidiwa.

Ziwa Titicaca, mita 3,812 juu ya usawa wa bahari, lina matete yaitwayo totora ambayo Wauros hutengenezea visiwa vya kuelea, na chura mkubwa (Telmatobius culeus) anayepumua kwa ngozi yake yenye mikunjo mingi. Katika Ziwa Junín anaishi kibisi wa Junín, ndege asiyeweza kuruka ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani. Uchafu kutoka migodini na mabadiliko ya kina cha maji kwa ajili ya umeme vimempunguza hadi mamia machache.

Peru ina karibu asilimia 70 ya barafuto zote za kanda za tropiki; sehemu ndogo iliyobaki inajumuisha zile za Kilimanjaro, Mlima Kenya na Ruwenzori. Tangu mwaka 1962 zaidi ya nusu ya eneo la barafu ya Peru imeyeyuka. Maji yake hulisha mito wakati wa kiangazi, na mashamba ya pwani yenye jangwa hutegemea mito hiyo.

Msitu

Msitu wa mawingu

Pepo zenye unyevu kutoka Amazonas hugonga mteremko wa mashariki wa Andes na kumwaga mvua. Hapo upo msitu wa mawingu wenye okidi, kangaga na kolibri wengi. Ndege wa taifa, tunki (Rupicola peruvianus), huishi humo. Madume yake yenye rangi nyekundu ya chungwa hukusanyika alfajiri na kucheza ili majike yachague. Dubu wenye miwani, dubu pekee wa Amerika Kusini, hupanda miti na hula zaidi mimea.

Kima wa sufu mwenye mkia wa njano (Lagothrix flavicauda) anapatikana kaskazini mwa Peru tu. Alijulikana kwa ngozi chache za zamani na kudhaniwa ametoweka, hadi wataalamu walipomkuta tena mwaka 1974. Msitu wake hukatwa kwa ajili ya mashamba ya kahawa na malisho.

Msitu wa tambarare

Chini zaidi uko msitu mkubwa wa mvua. Mito Marañón na Ucayali hukutana karibu na mji wa Nauta na kuwa Amazonas. Humo wamo jagwa, tapiri, anakonda, fisi-maji mkubwa anayefika karibu mita 1.8, na pomboo wa mtoni mwenye rangi ya waridi. Katika Tambopata na Manu kasuku wakubwa wenye mikia mirefu hukusanyika kwenye kingo za mito na kula udongo, labda kwa ajili ya chumvi iliyomo.

Mti wa kastanya (Bertholletia excelsa) unaonyesha jinsi viumbe wa msitu wanavyotegemeana. Maua yake hufunguliwa na nyuki wakubwa wanaoishi katika msitu mzima tu. Tunda lake ni gumu kama mpira wa mbao, na mnyama anayeweza kulitafuna ni aguti, mgugunaji mwenye ukubwa wa sungura, ambaye huzika mbegu na kusahau nyingine. Ndiyo sababu kastanya hazizai vizuri katika mashamba yaliyofyekwa. Familia nyingi za Madre de Dios huishi kwa kuziokota chini ya miti, na kwa hiyo wana faida msitu ukibaki umesimama.

Matunda ya mchikichi uitwao aguaje (Mauritia flexuosa) hupendwa sana Iquitos. Miti ya kike ndiyo inayozaa, na kwa muda mrefu ilikatwa ili kupata matunda, hata vinamasi vingine vikabaki na miti ya kiume tu. Sasa baadhi ya wavunaji hupanda kwa mikanda na kuacha mti hai. Hali ni hiyohiyo kwa paiche (Arapaima), samaki anayefika mita 3. Hulazimika kupanda juu kuvuta hewa na hapo huchomwa kwa chusa. Katika Hifadhi ya Pacaya-Samiria, yenye kilomita za mraba zaidi ya 20,000, vikundi vya wavuvi vimepewa maziwa ya kuyalinda, na huvua kiasi kilichopangwa.

Kwinini na mpira

Gome la mkwinini (jenasi Cinchona) lilipelekwa Ulaya katika karne ya 17 kama dawa ya homa. Mwaka 1820 Wafaransa Pelletier na Caventou walitenga kemikali ya kwinini kutoka gome hilo. Miti mingi ya Andes ilikatwa na kubanduliwa. Mbegu zilichukuliwa na Waingereza na Waholanzi kwenda kupandwa India na Java. Baadaye mkwinini ulipandwa pia Afrika, ukiwemo Amani katika milima ya Usambara na Kivu huko Kongo. Leo katika Peru yenyewe mti huu wa nembo ya taifa ni adimu.

Mpira ulileta maafa makubwa zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Julio César Arana iliwalazimisha wenyeji wa eneo la mto Putumayo kukusanya utomvu, na maelfu waliuawa au kufa kwa mijeledi, njaa na magonjwa. Aliyetumwa na Uingereza kuchunguza mwaka 1910 alikuwa Roger Casement, yuleyule aliyeandika ripoti ya mwaka 1904 kuhusu mateso ya wakusanya mpira katika Kongo ya Mfalme Leopold II. Ripoti yake ya Putumayo ilichapishwa mwaka 1912.

Hifadhi na matatizo ya leo

Takriban asilimia 17 ya nchi kavu ya Peru imo katika maeneo ya hifadhi. Hifadhi ya Taifa ya Manu, iliyoanzishwa mwaka 1973, huanzia kwenye puna na kushuka hadi msitu wa tambarare. Ni Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 1987. Hifadhi ya Huascarán (1975) hulinda mlima mrefu kuliko yote nchini, wenye mita 6,768, na Hifadhi ya Paracas (1975) hulinda bahari na jangwa.

Matatizo makubwa ni uchimbaji haramu wa dhahabu, ukataji wa miti, mashamba ya koka na barabara mpya. Katika Madre de Dios wachimbaji hufyeka msitu, hugeuza mchanga wa mito, na hutumia zebaki kunasa dhahabu. Zebaki hiyo huingia katika samaki na kisha katika miili ya watu wanaowala. Mwaka 2019 serikali ilituma askari kuwaondoa wachimbaji katika eneo la La Pampa. Wengi walihamia maeneo mengine.

Wenyeji wanaotetea misitu yao mara nyingi wako hatarini. Mwaka 2014 Edwin Chota na viongozi wenzake watatu wa Waashéninka wa kijiji cha Saweto waliuawa, baada ya kulalamika kwa miaka mingi kuhusu wakataji haramu wa miti na kudai hati ya ardhi yao. Kijiji kilipewa hati hiyo mwaka 2015.

Mifano ya vikunya, guano na paiche inaonyesha jambo linalofanana. Idadi ya wanyama iliongezeka pale ambapo uvunaji uliwekewa kiasi na wanaoishi karibu walipata haki ya kulinda na kufaidika. Pale ambapo faida ilikwenda mbali na hakuna aliyewajibika, kama katika mpira na mkwinini, mali hiyo iliisha na wenyeji wakabaki na hasara.